Banzi au Gango? Istilahi za Tiba ya Mkono Uliokakamaa

Utangulizi

Miongoni mwa fani zinazokidai Kiswahili istilahi, fani ya tiba ndiyo isiyoweza kungoja. Mwanafunzi wa fizikia akikosa neno leo aweza kulipata mwakani, na sumaku itakuwa ingali ikivuta chuma vile vile. Lakini mgonjwa anayeelezwa maradhi yake kwa neno lisilo wazi huenda nalo nyumbani neno hilo, na jamaa zake humuuguza kwa kulifuata. Katika makala haya tumekusudia kuchambua istilahi za jambo moja linaloonekana dogo, nalo ni matibabu ya mkono unaojikunja na kukataa kukunjuka baada ya ubongo, uti wa mgongo au neva kuumia. Na hasa jina la kile kifaa kinachowekwa mkononi ili kuushika katika mkao unaotakiwa.

Jambo lenyewe si geni kwa wasomaji wetu. Mtu hupatwa na kiharusi, au huanguka kutoka mnazini, au huumia kichwa katika ajali ya gari. Roho yapona, lakini mkono mmoja wabaki hauna kazi. Majuma ya kwanza mara nyingi mkono huwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Baadaye vidole huanza kujikunja, kifundo huinama, na kidole gumba hujificha ndani ya kiganja. Miezi ikipita bila ya uangalizi, hata mtu mwingine akijaribu kuvifungua vidole hivyo havifunguki. Kucha huchoma kiganja, jasho hukaa humo, ngozi hulika, na kuosha mkono au kuuvisha shati huwa ni mateso. Ndugu wa mgonjwa husema, "Mshipa umekaza." Muuguzi husema, "Mkono umekakamaa." Daktari hutumia neno la Kiingereza. Huenda watatu hao wanazungumzia mambo matatu mbalimbali, na kila mmoja wao hudhani kwamba ameeleweka.

Maneno ya Mwili

Kabla hatujafika kwenye kifaa chenyewe, hapana budi tuangalie maneno tunayoyatumia kwa sehemu za mwili, kwa kuwa hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Neno la kwanza ni mkono. Katika Kiswahili mkono ni kiungo chote tangu begani hadi kwenye ncha za vidole, na pia ni ile sehemu ya mwisho tu tunayopeana tunaposalimiana. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna taabu, maana hali yenyewe hufafanua. Lakini katika karatasi ya mgonjwa maneno "mkono umekakamaa" hayatuelezi kama ni bega, ni kisugudi, au ni vidole. Pale inapohitajiwa kutaja sehemu ya kuanzia kifundo hadi ncha za vidole peke yake, tunapendekeza kitanga cha mkono. Na kiganja kibaki kuwa ule upande wa ndani wa kitanga. Twajua kwamba wengi huyatumia maneno hayo mawili kwa maana moja, lakini kazi ya istilahi ni kugawa maana pale ambapo lugha ya kila siku haikuona haja ya kuigawa.

Neno la pili ni kiwiko, nalo ni la hatari zaidi. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni kiungo kilicho kati ya kitanga na mkono; leo watu wengi, hususan shuleni na mijini, hulitumia kwa kiungo cha katikati, pale mkono unapojikunja kati ya bega na kitanga. Agizo la kutengeneza kifaa "cha kiwiko" laweza basi kuleta kifaa cha kiungo kisichokusudiwa. Tunashauri neno hilo liepukwe kabisa katika maandishi ya tiba, na mahali pake patumiwe kifundo cha mkono kwa kiungo cha chini, na kisugudi kwa kiungo cha katikati.

Neno la tatu ni mshipa. Neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ni njia ya damu iendayo mwilini na irudiyo moyoni. Ni neva ichukuayo habari kati ya ubongo na viungo. Ni kano iunganishayo msuli na mfupa. Na kwa baadhi ya watu ni jina la ugonjwa wa ngiri. Mtu anaposema kuwa mshipa umekaza, huenda anaionyesha kwa kidole kano inayochomoza penye kifundo, na kumbe daktari anawaza habari za neva. Maneno ateri, vena, neva na kano yamekwisha kuenea vitabuni, na kila moja lina kazi yake. Mshipa na libaki katika lugha ya nyumbani, ambako lina heshima yake.

Maradhi Mawili Chini ya Jina Moja

Sasa tuje kwenye hali yenyewe ya mkono. Watu husema umekaza, umekakamaa, umejikunja, umeganda, umepooza. Nyuma ya maneno yote hayo mna hali mbili ambazo zafanana kwa macho, lakini zatofautiana kwa asili na kwa tiba.

Hali ya kwanza hutoka katika mfumo wa neva. Kila msuli ukivutwa ghafla hujibu kwa kujikaza. Hiyo ni kinga ya maumbile, na ubongo ulio mzima huitawala kinga hiyo kama nahodha anavyoishika kamba ya tanga, akiilegeza na kuikaza kwa kadiri ya upepo. Ubongo au uti wa mgongo ukiumia, kamba hiyo hukosa mshikaji. Msuli ukivutwa, hata kidogo, hukaza kupita kiasi. Na kadiri unavyovutwa kwa kasi ndivyo unavyozidi kukaza. Mwaka 1980 daktari wa Australia, James Lance, aliieleza hali hii kwa kuitilia mkazo sifa hiyo ya kasi, na maelezo yake yangali yakitumiwa na mabingwa wengi. Ukiukunjua mkono wa namna hii polepole, huenda ukakubali. Ukiuvuta kwa ghafla, hukataa.

Hali ya pili hutoka katika nyama yenyewe. Msuli uliokaa muda mrefu katika hali ya kujikunja hupoteza sehemu ya urefu wake, na tishu zinazouzunguka pamoja na ligamenti za kiungo huwa ngumu. Mwaka 1972 Tabary na wenzake, watafiti wa Ufaransa, walifunga plasta miguu ya paka ili msuli mmoja wa nyuma ya mguu ukae umefupika. Baada ya majuma 4 walikuta kwamba vile vipande vidogo vinavyojipanga kama shanga katika uzi wa msuli, viitwavyo sarkomea, vimepungua kwa asilimia 40. Msuli uliofungwa ukiwa umerefushwa uliongeza vipande hivyo kwa asilimia 19. Mkono wenye hali hii haujali kasi. Uuvute polepole au upesi, mgonjwa awe macho au amelazwa kwa dawa ya usingizi, jibu ni lile lile: haukunjuki.

Tofauti hii si ya wanavyuoni tu. Hali ya kwanza yaweza kupunguzwa kwa dawa kama baklofeni, au kwa sindano ya sumu ya botulini inayopigwa katika msuli wenyewe na kuulegeza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hali ya pili haisikii dawa hizo, kwa sababu hakuna amri ya neva ya kuzuiwa. Msuli umekuwa mfupi, basi. Jamaa wanaoambiwa kwa zote mbili kwamba "mkono umekaza" watauza mbuzi kununua dawa isiyoweza kusaidia, au wataikataa dawa ambayo ingefaa. Na ugumu huzidi kwa kuwa mara nyingi hali zote mbili hukaa katika mkono mmoja, ya kwanza ikiwa imeifungulia mlango ya pili.

Twahitaji basi maneno mawili. Tumeyapima yaliyopo kama ifuatavyo.

Mkazo ni neno zuri, lakini wanaisimu wamekwisha kulichukua kwa utamkaji wa silabi, na sisi wenyewe tumelitumia juu hapa kwa maana ya kusisitiza. Ukakamavu ni sifa njema: askari hupiga gwaride kwa ukakamavu, na mtoto husifiwa shuleni kwa kuwa mkakamavu. Kumwambia mgonjwa kwamba ana ukakamavu wa mkono ni kama kumpa hongera. Mgando umekwisha kuzoeleka kwa damu, na kwa kuwa damu iliyoganda ni sababu mojawapo ya kiharusi, kutumia neno hilo hilo kwa mkono ni kuchanganya chanzo na matokeo. Mkunjo hautoshi, maana kiungo chaweza pia kukwama kikiwa kimenyooka, kama goti lisilokunjika. Kupooza nako kwataja tu kukosa uwezo wa kujiongoza. Mkono mlegevu umepooza, na mkono mgumu umepooza pia.

Kwa hali ya kwanza tunapendekeza mkakamao, nomino itokanayo na kitenzi kukakamaa ambacho watu wote wanacho, kwa mtindo ule ule uliozaa mzagao kutokana na kuzagaa. Kwa hali ya pili tunapendekeza mfupiko. Neno hili lina faida ya kuingia katika safu ya majina ya madhara ambayo Kiswahili kinayo tayari: mvunjiko, mteguko, mchubuko, mpasuko. Msikilizaji akisikia mfupiko wa msuli hahitaji kufundishwa kwamba ni jambo lililoupata msuli, wala kwamba ni jambo la urefu. Twaweza basi kusema: "Mkono huu una mkakamao mwingi, bali mfupiko bado ni mdogo," na sentensi hiyo itakuwa imebeba uchunguzi mzima.

Kifaa na Aina Zake

Kifaa tunachokitafutia jina hutengenezwa kwa vitu mbalimbali. Tangu zamani watu wameunga mifupa kwa vijiti na magome ya miti. Mwaka 1851 daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, alibuni bendeji iliyopakwa unga wa jasi, ambayo ikilowa maji na kufungwa hukauka na kuwa ngumu. Ndiyo plasta ya hospitali. Siku hizi mafundi hupendelea plastiki maalumu inayolainika katika maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 65 hadi 75 za sentigredi, ikafinyangwa juu ya mkono wa mgonjwa mwenyewe, kisha ikapoa na kushika umbo. Plastiki hiyo ina kasoro moja ambayo kwetu yafaa ikumbukwe: ikiachwa juani au karibu na moto hulainika tena, na umbo likaharibika. Katika Afrika Mashariki ufundi wa vifaa vya viungo una kituo chake cha mafunzo mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, na wanafunzi wake hutoka katika nchi nyingi.

Kwa upande wa umbo, aina zilizo muhimu ni hizi. Ipo ya kupumzisha mkono, inayoanzia kigasha na kufika ncha za vidole. Hii hukiinua kifundo kwa nyuzi 20 hadi 30, huacha vidole vimepinda kidogo, na hukiweka kidole gumba mkabala wa vidole vingine kana kwamba mtu ameshika bilauri. Mkao huo twaweza kuuita mkao wa kazi. Upo mkao mwingine, ambao vifundo vya mizizi ya vidole hukunjwa kwa nyuzi 70 hadi 90 na vidole vyenyewe kunyooshwa kabisa. Huo hulinda ligamenti zisifupike, na hutumiwa sana kwa mikono iliyoungua au kuvunjika. Tunapendekeza kuuita mkao wa usalama. Ipo pia aina inayoshika kifundo tu na kuviacha vidole huru vifanye kazi, ambayo humfaa mtu aliyeumia neva ya kukiinua kifundo. Ipo yenye mpira au springi inayovuta polepole. Na upo utaratibu wa kufunga plasta, kuivunja baada ya siku kadhaa, kisha kufunga nyingine iliyokunjuliwa zaidi kidogo, na kuendelea hivyo.

Hapa yafaa tuonye kwamba si kila mfupiko ni adui. Mtu aliyevunjika shingo akaumia uti wa mgongo penye neva ya sita ya shingo huweza kukiinua kifundo chake, lakini hawezi kukunja vidole. Kano za vidole vyake zikifupika kwa kiasi, basi kila anapokiinua kifundo vidole hujifunga vyenyewe, akaweza kushika kijiko au kalamu. Mtaalamu mwenye busara hauondoi mfupiko huo, huulinda. Ndiyo maana neno lililochaguliwa linapaswa kueleza hali bila ya kuihukumu.

Je, Kifaa Hiki Huponya?

Swali hili laonekana kuwa la waganga na si la wanalugha. Lakini haiwezekani kukipa kitu jina jema bila ya kujua kinafanya nini.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mkono uliofungwa ukiwa umekunjuliwa utarefuka, na matokeo ya wale paka wa mwaka 1972 yaliwatia moyo. Majaribio juu ya binadamu hayakwenda hivyo. Mwaka 2003 Natasha Lannin na wenzake wa Australia walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 28 walioumia ubongo. Waliovaa kifaa cha mkao wa kazi usiku kwa majuma 4 hawakupata nafuu kuliko wale wasiovaa. Mwaka 2007 walitangaza jaribio kubwa zaidi, la watu 63 waliopatwa na kiharusi. Kundi moja halikuvaa kitu, la pili lilivaa kifaa kilichokinyoosha kifundo sawasawa, na la tatu kifaa kilichokiinua. Baada ya majuma 4 makundi hayo hayakuwa na tofauti ya maana. Mwaka 2017 Lisa Harvey na wenzake walikusanya tafiti 49 za kuvuta misuli kwa njia mbalimbali, zenye watu 2135. Kwa wagonjwa wa neva, faida ya kuvuta ilikuwa kiasi cha nyuzi 2 tu, ambazo mgonjwa hawezi kuziona katika kazi zake. Mapema zaidi, mwaka 2013, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilikuwa imekwisha kushauri kwamba wagonjwa wa kiharusi wasipewe vifaa hivi kwa desturi tu.

Matokeo haya yasisomwe kupita mpaka wake. Katika majaribio hayo wagonjwa wote waliendelea kupata huduma za kawaida, kwa hiyo hayasemi kwamba mkono uachwe bila ya kutunzwa. Tena mengi yalichunguza muda usiofika miezi 7. Wala hayagusi matumizi mengine ya kifaa, kama kuizuia kucha isichome kiganja, kurahisisha kuosha mkono, kupunguza maumivu, au kukishika kifundo ili vidole vifanye kazi. Yasemayo ni kwamba kukivaa kifaa peke yake hakuurefushi msuli uliofupika kwa kiasi cha kumfaa mgonjwa, na kwamba anayekivaa afahamishwe kwa nini anakivaa.

Kuchagua Jina

Sasa twaweza kuyapima majina. Katika wodi nyingi husikika splinti, yaani neno la Kiingereza lililovikwa irabu. Kanuni ya kuunda istilahi yatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za jamaa yake, na mwisho tukope. Kwa kuwa Kiswahili kina maneno yake, splinti haina haja ya kufika. Mitaani nchini Tanzania mtu aliyefungwa plasta husemwa kuwa ana hogo, neno la mzaha linalokumbusha mhogo. Limechangamka, lakini ni la plasta tu, wala halimwelekei mgonjwa kwa heshima.

Yabaki mawili, gango na banzi. Yote ni ya zamani, na yote yametumika kwa kitu cha kushikizia mfupa uliovunjika.

Gango lina uzuri wa asili yake. Latokana na kuganga, yaani kuunga na kufunga kilichoachana, na kutoka hapo kutibu. Ndiko alikotoka mganga, na ndiko itokako methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtu aweza kudhani kwamba jina lenye mizizi mirefu namna hiyo ndilo lifaalo. Sisi twaona kwamba uzuri huo ndio kasoro yake. Gango laahidi uponyaji. Mfupa uliovunjika huunga kweli ukishikwa, na kwa kazi hiyo jina ni la haki. Lakini kwa mkono wenye mfupiko tumekwisha kuona kwamba ahadi hiyo haitimizwi. Jamaa watakaosikia kuwa mgonjwa wao amefungwa gango watangoja gango lifanye kazi, na huku wakiuacha mkono bila ya kuoshwa, kuchezeshwa wala kufanyizwa mazoezi. Aidha, umbo lake dogo, kigango, limekwisha kushikwa mahali pengine: Wakatoliki huita hivyo kanisa dogo lililo chini ya parokia, na Wamijikenda wa pwani ya Kenya huita hivyo nguzo ya kuchongwa inayosimikwa kwa ukumbusho wa marehemu.

Banzi ni kipande cha ubao au mti uliochanwa. Lasema kitu kilivyo, wala halisemi kitafanya nini. Kwa sababu hiyo tunapendekeza banzi, wingi mabanzi, kuwa istilahi ya kifaa chochote kigumu kinachoshika kiungo katika mkao maalumu, kiwe cha mti, cha plasta au cha plastiki. Najua mtu atauliza: plastiki yaitwaje banzi? Jibu ni kwamba kalamu ya leo pia haikatwi kwenye tete, na jina limebaki. Tunatahadharisha tu dhidi ya kulidogosha. Kibanzi kimekwisha kujulikana na wasomaji wa Injili kwa kile kilichomo jichoni mwa ndugu, na nchini Kenya vibanzi ni viazi vilivyokatwa vyembamba vikakaangwa. Kifaa cha kidole kimoja na kiitwe banzi la kidole, si kibanzi.

Vitenzi na Saa

Jina likipatikana, kitenzi nacho kitazamwe. Aliyevunjika mfupa hufungwa banzi: hufungwa na mwingine, nalo hukaa mpaka mfupa uunge. Mwenye mkakamao au mfupiko yafaa tuseme huvaa banzi: hulivaa na kulivua kwa nyakati maalumu, kama avaavyo viatu. Tofauti ya kufungwa na kuvaa yaweza kuokoa ngozi ya mtu. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hana hisia kamili mkononi, na asiyehisi maumivu halalamiki. Banzi jipya livuliwe baada ya nusu saa ya kwanza, ngozi itazamwe, na ikiwa alama nyekundu hazikutoka baada ya muda mfupi, lirudishwe kwa fundi lirekebishwe. Anayeambiwa kwamba "amefungwa" hataona kuwa ana ruhusa ya kulifungua.

Kadhalika saa. Agizo "avae banzi saa nane usiku" lina maana mbili katika Kiswahili: alivae ifikapo saa nane, au alivae kwa urefu wa saa nane. Wengi huikwepa tata hiyo kwa kusema masaa, jambo lisilokubaliwa na wasanifu wa lugha. Bila ya kuingia katika ugomvi huo, tunashauri agizo la tiba liandikwe daima "kwa muda wa saa 8, tangu saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri." Lina maneno mengi zaidi, lakini halina njia mbili.

Mwisho, kunyoosha. Twasema kunyoosha kiungo na kunyoosha msuli, na hayo ni mambo mawili: kiungo hubadili pembe, msuli hubadili urefu. Tunapendekeza mnyoosho kwa kiungo na mvuto kwa msuli. Mnyumbuliko, ambao ungefaa, wanasarufi wamekwisha kuutia mfukoni.

Muhtasari wa Istilahi

Banzi: kifaa kigumu cha kushikia kiungo katika mkao maalumu.
Banzi la mapumziko: banzi lishikalo kigasha, kifundo na vidole vyote.
Banzi la kifundo: banzi liachalo vidole huru.
Banzi la mvuto: banzi lenye mpira au springi.
Kisugudi: kiungo cha katikati ya mkono.
Kitanga: mkono tangu kifundo hadi ncha za vidole.
Mfupiko: kupungua kwa urefu wa msuli na tishu zake, kiasi cha kukizuia kiungo kisitimize mwendo wake.
Mkakamao: kukaza kwa msuli kunakozidi kwa kadiri ya kasi ya kuvutwa, kutokana na madhara ya ubongo au uti wa mgongo.
Mkao wa kazi, mkao wa usalama: mikao miwili ya kitanga kama ilivyoelezwa.
Mnyoosho: kufunguka kwa pembe ya kiungo.
Mvuto: kurefushwa kwa msuli.
Plasta za mfululizo: plasta zinazobadilishwa kila baada ya siku kadhaa ili kukikunjua kiungo hatua kwa hatua.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekuwa na wajibu wa kusanifu istilahi. Lakini kusanifu ni hatua ya mwisho, na kabla yake neno hupimwa midomoni mwa watu. Mapendekezo yaliyomo humu hayajapitishwa. Tunawaomba wauguzi, mafundi wa viungo, watabibu wa mazoezi, na jamaa wanaowauguza wagonjwa majumbani wayajaribu katika kazi zao, kisha watuandikie ni yapi yaliyoeleweka mara moja na ni yapi yaliyohitaji kuelezwa mara ya pili. Tungependa hasa kupata maneno yanayotumiwa na waunga mifupa wa vijijini, Bara na Visiwani, kwa vifaa vyao na kwa hali za viungo wanazozitibu, maana huenda mfupiko una jina la zamani ambalo sisi hatujaletewa. Likipatikana neno kama hilo, tutaliacha letu bila ya uchungu.